Kadi ya Nyumba Namba Tatu

Heulwen Pritchard alikuwa na maneno yake kwa kila nyumba. Nyumba zenyewe ni nne, zimeshikana ukuta kwa ukuta, safu moja ya mawe ya kijivu chini ya machimbo ya Cae Brwyn ambako zamani walipasua mawe ya kuezekea mapaa. Machimbo yamefungwa, safu imekuwa makumbusho, na wageni hupanda huko wakiwa wameshatoka kuzunguka ngome kubwa ya pwani, magoti yanawauma kwa zile ngazi, wamechoka na habari za wafalme. Heulwen aliwapokea mlangoni na aproni yake nyeupe, akawaambia wafute viatu.

Alikuwa mpishi wa shule ya kijiji kwa miaka ishirini na mbili, mpaka shule ikaunganishwa na ya mji na jiko likafungwa. Kijijini bado walimwita Heulwen Chakula, maana huku majina ya ukoo ni machache, mtu hutambulika kwa kazi yake au kwa nyumba yake. Makumbusho walimchukua kwa sababu moja: alizaliwa humo humo, namba tatu, wakati safu ingali makazi ya watu. Aliposema, "Hapa ndipo nilipoogeshwa, kwenye beseni hili," wageni waliweka kamera chini na kumsikiliza.

Lakini chakula chake kikuu kilikuwa kadi. Ilikuwa ndani ya fremu ya kioo, imeegemezwa dirishani namba tatu, karatasi ngumu iliyogeuka rangi ya chai, imechapwa maneno makubwa meusi, pembe moja imeungua.

"Hii ilikaa dirishani hapa wakati wa mgomo mkubwa," alikuwa akiwaambia. "Wanaume waliacha kazi machimboni mwanzoni mwa karne iliyopita, wakakaa nje miaka mitatu. Kila nyumba ya mgomaji ilikuwa na kadi kama hii, na imeandikwa: Hamna msaliti ndani ya nyumba hii. Dirisha lako likikosa kadi, watu wanavuka barabara wasipishane nawe. Baba mzazi wa bibi yangu, Robat, aliiweka kwa mkono wake. Na hizi herufi tatu mnazoziona zimejazwa wino tumboni, hiyo ni kazi ya bibi yangu Catrin alipokuwa mtoto. Siku ya mvua, hana la kufanya. Nadhani alizabwa."

Hapo wageni walicheka, naye akacheka nao. Bibi Catrin alikuwa amemwachia kadi hiyo kwenye droo ya kabati la vyombo, imelala kifudifudi chini ya vitambaa vya meza. Alipoulizwa ni ya nani, bibi alijibu, "Ni kadi ya nyumba," basi. Mambo ya Robat na ya wino hakuna aliyemwambia Heulwen. Aliona herufi zimejazwa, akajua bibi alikuwa mtoto enzi hizo, akaunganisha mwenyewe. Alipokwisha kulisema mara mia moja, lilikuwa kweli kama beseni.

Jumatano moja ya mwezi wa tano, mvua ikinyesha ile ya kutojali ni msimu gani, waliingia wageni watatu tu. Wawili walikuwa mume na mke wa Kiholanzi wenye mabegi mgongoni. Wa tatu alikuwa mzee peke yake, mwenye bakora na kofia ya sufu, anayevuta pumzi kana kwamba anaitoa kisimani. Alipofika namba tatu alivuka kamba ya kuzuia wageni, akaketi kwenye kiti cha karibu na jiko.

"Samahani, bwana, hicho kiti si cha kukalia," alisema Heulwen.

"Najua, mama. Ila mapafu yangu hayajui kusoma vibao."

Heulwen alimwacha akae. Neno moja lilitosha kumjulisha mtu huyu katoka wapi. "Wewe ni wa kusini," alisema.

"Inasikika?"

"Tangu mlangoni."

"Na nyie wa kaskazini mnaongea kama mna kokoto mdomoni."

"Si kokoto. Ni mawe ya kuezekea."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alijitaja: Haydn Treharne, mchimba makaa ya mawe mstaafu, ametoka Cwm-y-Fedw, binti yake yuko garini anasoma gazeti kwa sababu yeye na vitu vya kale hawaelewani. Kisha alinyamaza na kusikiliza maelezo ya kadi mwanzo hadi mwisho, mikono miwili juu ya bakora. Waholanzi walipiga picha, wakashukuru, wakaenda namba nne. Mzee hakuinuka.

"Bibi yako ndiye aliyejaza zile herufi?" aliuliza.

"Ndiye."

"Alizaliwa humu?"

"Alikulia humu. Kwa nini?"

Haydn aliingiza mkono ndani ya koti akatoa bahasha, akaishika bila kuifungua. "Nilikuja na kitu cha kuwaonyesha watu wa hapa. Sikujua nitamkuta mtu wa nyumba yenyewe. Sasa sijui kama nikuonyeshe au nirudi nacho."

"Umeshakitoa mfukoni," alisema Heulwen.

Ilikuwa picha, imebandikwa kwenye ubao mwembamba. Mbele ya mlango wenye namba tatu alisimama mwanamume mwenye masharubu, mwanamke amebeba mtoto mchanga, na msichana wa miaka saba hivi aliyefumba jicho moja kwa jua. Nyuma yao dirisha, na dirishani kadi. Heulwen aliwaangalia wale watu mmoja mmoja. Hakumjua hata mmoja. Alikwenda kwenye droo akachukua ile lenzi ya kukuzia wanayopewa watoto wa shule kutazamia mawe, akainama juu ya picha. Kadi ilikuwa na pembe zake zote nne, nzima. Na herufi tatu zilikuwa zimejazwa tumboni, zile zile.

"Huyo mchanga ni mama yangu," Haydn alisema taratibu. "Huyo mkubwa ni mama mkubwa Lisi. Ndiye mwenye zile herufi. Alichukua wino wa babu wa kuandikia barua za chama cha wachimbaji, na kuzabwa alizabwa, hapo umepatia. Alinisimulia hadi anazeeka. Babu yangu ni Elis Humphreys. Walikaa nje msimu wa baridi wa kwanza, wa pili ukawashinda, wakashuka kusini kwenye makaa. Bibi alifagia nyumba, akaiacha kadi dirishani makusudi."

"Makusudi ya nini?"

"Atakayeingia aisome."

Heulwen aliweka lenzi mezani. Nyumba zote hizi zilikuwa mali ya mwenye machimbo. Mgomaji akihama, nyumba alipewa mtu aliyekubali kurudi kazini, na si mtu mwingine. Hili halikuwa jambo geni kwake. Ndilo alilokuwa akiwaeleza wageni wakiwa namba mbili, kila siku, kwa miaka kumi na moja.

"Kadi zilikuwa nyingi," alisema mwishowe. "Labda mlikuwa na yenu na sisi tukawa na yetu."

"Labda," alisema Haydn, na Heulwen akaona kwamba mzee alikuwa anamhurumia. Hilo lilimuuma kuliko picha.

"Tunafunga," alisema. Ilikuwa saa nane mchana.

Haydn alielewa. Aliinuka kwa vituo, mkono kwenye ukingo wa jiko, kisha kwenye meza, kisha kwenye bakora. Aliandika anwani yake na namba ya simu nyuma ya karatasi ya matangazo ya makumbusho, akaiacha juu ya meza chini ya kikombe cha bati. "Sikuja kumwaibisha mtu, mama," alisema mlangoni, akatoka kwenye mvua.

Jioni, kabla hata ya kupika, Heulwen alipanda kwa kaka yake. Idwal Kondoo, kama wanavyomwita, alikuwa zizini amemketisha kondoo kitako katikati ya magoti yake, anamkata kwato. Heulwen alimweleza yote akiwa amesimama. Idwal aliendelea kukata.

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia."

"Basi sema kitu."

"Nishikie mguu huu," alisema Idwal. Alishika. Idwal alimaliza ukwato, akamwachia kondoo aende zake, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Bibi aliniambia. Nilikuwa na miaka kumi na mitano hivi, tulikuwa juu mlimani tunatafuta wana-kondoo. Waliingia mle ndani Jumamosi. Yeye alikuwa na miaka minane. Nyumba ilikuwa imefagiwa, safi, na kadi dirishani inatazama nje. Baba yake aliisoma, akaichukua akaitia motoni. Mama yake akaitoa kwa mkono, akaungua vidole. Akamwambia, si yetu hii kuichoma."

Heulwen aliketi juu ya gunia la chakula cha kondoo.

"Na kwa nini alirudi kazini? Robat?"

"Hilo bibi hakulijua. Hakusema, na hakupenda kuulizwa. Wote walikuwa na njaa, Heulwen. Wengine walirudi, wengine hawakurudi."

"Alikuambia wewe, mimi hakuniambia."

"Wewe ulikuwa na mdomo."

Angekasirika, lakini alikuwa bado yuko kwenye jambo lililotangulia. "Kwa hiyo miaka yote hii ulijua nawaambia wageni uongo."

"Haukuwa uongo, hukujua. Na ulikuwa unaisimulia vizuri." Idwal alijipangusa tena mikono. "Isitoshe, si mimi peke yangu. Wazee wote wa hapa wanajua. Unafikiri ni kwa nini sisi tulisali kule kwa Waanglikana, kanisa la mwenye machimbo, na mtaa mzima unasali kwenye kanisa la wachimbaji?"

"Nilidhani ni kwa sababu ya kinanda," alisema Heulwen.

Aliporudi chini kijijini alipita mbele ya madirisha yenye taa akihesabu nani anajua. Alikumbuka Beti Posta, mwenye duka lenye posta, ambaye kila mwanzo wa msimu alimwuliza, "Bado unawapa ile habari ya kadi?" na yeye akajibu kwa majivuno, "Wanaipenda kuliko zote." Alikumbuka Beti akifunga stempu kwenye karatasi, ameinamisha kichwa. Miaka kumi na moja alifikiri yule mama ana haya.

Kesho yake alimwomba meneja wa makumbusho amhamishie namba moja. Steffan alikuwa kijana wa miaka thelathini, mwema, mwenye haraka ya kufurahi. Ilibidi amweleze sababu, na alipokwisha kueleza uso wa Steffan ulikuwa unang'aa.

"Lakini hii ni bora zaidi, Bi Heulwen. Kadi ya mgomaji, imetunzwa na familia ya aliyerudi kazini? Kila makumbusho ina kadi. Nani ana habari kama hii? Tutengeneze ubao mpya, picha ya yule mzee tuiombe, na wewe ukubali tukupige picha dirishani."

"Steffan."

"Naam."

"Huyo ni baba wa bibi yangu. Si ubao."

Steffan aliona haya, akampeleka namba moja. Huko hakuna cha kusema sana: kitanda cha majani, ndoo, samaki wa chumvi wa kuchonga kwa mbao. Wiki mbili Heulwen aliwaeleza wageni habari za ndoo. Namba tatu akawekwa msichana wa chuo, naye akasema aliyoyakuta kwenye karatasi, kwamba kadi ni ya familia ya mpishi wa shule, wagomaji imara. Ukuta ni mnene lakini mlango ulikuwa wazi, na Heulwen aliyasikia maneno yake mwenyewe yakipita, mara nne, mara tano kwa siku, kwa sauti nyembamba ya mtu mwingine. Alisikia wageni wakicheka kwenye lile neno la kuzabwa.

Ijumaa ya wiki ya pili walifika akina mama wa kijiji. Chama chao hufanya matembezi kila mwaka, na mwaka huo mvua iliwafutia safari ya bustani, wakaamua kupanda juu tu, kwenye makumbusho ambayo wengi wao hawajaikanyaga tangu ifunguliwe. Walikuwa kumi na wanne, na Beti Posta mbele na mwavuli wake. Heulwen aliwaona kupitia dirisha la namba moja. Alivua aproni, akaivaa tena. Akaenda namba tatu akamwambia yule msichana, "Nenda ukanywe chai, mwanangu. Hawa ni wangu."

Akina mama walijipanga ukutani, wakizungumza juu ya beseni na juu ya nani alikuwa na kabati kama lile. Kisha walinyamaza, kwa sababu Heulwen alikuwa amesimama karibu na kadi na hasemi.

"Mnajua ninachosemaga hapa," alianza. "Basi si kweli. Mlijua si kweli, mimi ndiye sikujua. Kadi hii ni ya Elis Humphreys na mkewe, walioishi humu wakashindwa na baridi wakaenda kusini. Waliiacha dirishani ili aliyeingia aisome. Aliyeingia ni Robat, baba wa bibi Catrin. Alikuwa amerudi kazini, ndiyo maana alipewa nyumba. Aliisoma, akaitia motoni, mkewe akaitoa. Pembe iliyoungua ni hiyo. Herufi alizijaza mtoto wa Elis, jina lake Lisi. Sijui kwa nini Robat alirudi. Hakuna ajuaye. Ni hayo."

Mvua ilisikika kwenye paa. Heulwen alitazama sakafu aliyoipiga deki asubuhi ile ile.

Beti ndiye aliyesema. "Watu wangu walikaa na kadi yao dirishani mpaka mwisho," alisema. "Na babu yangu alimtemea mate Robat nje ya duka, mbele ya watoto. Watoto wenyewe mmoja ni bibi yako. Hilo nalo hatukuwahi kukuambia." Alifunga mwavuli wake ambao ulikuwa umeshafungwa. "Nilitaka kukuambia lile la kwanza, Heulwen. Lakini ukilisema la kwanza, utaulizwa la pili."

"Ungeniambia yote mawili."

"Ndiyo. Ningekuambia."

Mwanamke mmoja wa nyuma aliuliza choo kiko wapi, na wengine wakacheka kuliko swali lilivyostahili. Walikwenda namba nne kwenye chai. Mikate ya zabibu kavu ilikuwa imekatwa tayari, siagi juu, na Beti alimsogezea Heulwen kiti karibu yake bila kumwangalia. Waliongea habari za bei ya stempu.

Siku hiyo hiyo alimwandikia Haydn Treharne barua. Aliandika kwamba picha ilikuwa sahihi, akamweleza habari ya moto kama Idwal alivyosimulia, akaomba radhi kwa kumfukuza saa nane mchana. Akaongeza kwamba amezungumza na meneja, na kama familia inaitaka kadi yake, ataileta mwenyewe.

Haydn alipiga simu. "Kadi iacheni ilipo," alisema. "Bibi aliiacha mahali alipoitaka. Mimi ni nani nimpinge? Lakini wewe njoo. Huku tuna vitu vya kale pia, kimoja unaongea nacho."

Alikwenda mwezi wa kumi, msimu ulipofungwa. Safari ya treni kutoka kaskazini hadi kusini mwa nchi yao ndogo humpitisha mtu Uingereza kwanza, jambo ambalo kila mtu hulilalamikia na hakuna alirekebishaye, na Heulwen alifika Cwm-y-Fedw jioni akiwa amelalamika peke yake saa tano nzima. Alibeba mikate miwili ya zabibu kavu aliyoiloweka kwa chai usiku kucha. Meinir, binti wa Haydn, alimpokea kituoni. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, bomba jembamba la hewa puani, mtungi pembeni.

"Umeona?" alisema, akionyesha bomba. "Wamenitia hatamu."

Walikula mchuzi wa kondoo na viazi, na vitunguu vya kusini vinavyokatwa vikubwa mno kwa maoni ya Heulwen. Alisema maziwa kwa neno la kaskazini, Haydn akajifanya haelewi, akamwuliza binti yake kama mgeni anaomba dawa. Meinir alipokwenda kuosha vyombo, mzee aliuliza habari za kijiji, na Heulwen alimweleza juu ya akina mama, na Beti, na mate, na jinsi alivyorudi namba tatu kuwaeleza wageni habari ya kweli. Haydn alisikiliza bila mzaha.

"Nina ndugu," alisema. "Gethin. Mdogo wangu. Ule mgomo wetu mrefu wa makaa, tulikaa nje karibu mwaka mzima. Yeye alirudi wiki tatu kabla ya mwisho. Wiki tatu, Heulwen. Sijasema naye tangu siku ile, na mwakani ni miaka ishirini na nane."

"Anaishi wapi?"

"Ukisimama choo cha juu, paa unaliona."

Heulwen alitazama juu, kwenye ngazi.

"Nilipokuja kwenu nilitaka kuiona nyumba tu," aliendelea mzee. "Lakini njiani nilikuwa nawaza wale walioingia baada yetu. Watoto wa watoto wao wanafananaje. Mama mkubwa Lisi aliwazungumza kama watu wenye alama usoni. Kisha nikakukuta wewe, unajisifu kwa kadi yetu."

"Na tunafananaje?"

"Mnaongea sana."

Heulwen alicheka. Kisha akauliza, "Ulimwuliza kwa nini alirudi?"

"Sikumwuliza."

"Na Robat hakuulizwa. Wageni wananiuliza mimi sasa, karibu kila siku. Sina la kuwajibu."

Hakusema zaidi ya hapo, wala hakukusudia kumfundisha mtu katika nyumba yake. Haydn alirekebisha bomba lake, akauliza kama ule mkate ni wa kuangaliwa tu au nao umefungwa kamba kama kiti. Walikata mmoja. Alikula vipande vitatu, akasema una chai nyingi, akaomba cha nne. Heulwen alikaa siku mbili. Meinir alimzungusha bondeni akamwonyesha mahali mgodi ulipokuwa, sasa ni uwanja wa nyasi wenye magoli mawili, na siku ya tatu akamrudisha kituoni.

Msimu mpya ulipofunguliwa, Heulwen alikuwa tena namba tatu. Steffan aliweka ubao, mdogo, wenye maneno ambayo Heulwen aliyaandika mwenyewe na kuyakata mara nne mpaka yakabaki mistari sita. Picha ya Elis na familia yake iko pembeni. Picha ya Robat haipo, kwa kuwa hakuwahi kupigwa. Wapo wageni wanaotikisa kichwa wakitoka. Mwanamume mmoja alimwambia usoni kwamba yeye asingethubutu kulisema hilo hadharani kuhusu watu wake, na Heulwen akamjibu kwamba hata yeye alichelewa. Wengine hukaa kitambo kirefu zaidi mbele ya ile pembe iliyoungua kuliko walivyokuwa wakikaa zamani.

Lakini kabla ya hapo, wakati wa Krismasi, ilikuja barua ya Meinir. Aliandika kwamba baba anaendelea, kwamba mtungi wa hewa wameuzoea sasa kama samani. Aliandika pia kwamba ule mkate wa pili hawakuula. Siku mbili baada ya mgeni kuondoka, baba yake aliukata katikati, akaweka nusu kwenye sahani, akafunika kitambaa, akamwambia Meinir aupeleke kwa ami yake. Meinir aliuliza aseme nini. Baba akasema, "Mwambie ni mkate." Aliupeleka. Gethin aliupokea mlangoni, akautazama, akasema asante, akafunga mlango.

Kesho yake asubuhi walikuta sahani kwenye ngazi, imeoshwa, imefungwa gazeti. Haydn aliigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, akasema Gethin tangu utotoni hajui kuosha chombo, akaiosha tena mwenyewe.

Heulwen alimpigia Idwal akamsomea barua yote. Idwal alisikiliza hadi mwisho, akafikiri.

"Ule mkate," alisema, "ndio ule wako wenye chai nyingi?"